Kabati Limeoa au Ameoa?

Niwieni radhi kwa kimya changu kirefu.

Leo, nyumbani kwangu mtaa wa Khuwair ya Kusini, kabati limeoa.

Mjukuu wangu Thuraya anafasiri kwa Kiswahili shairi la Mfaransa mmoja aliyeandika kana kwamba anaota. Kesho atalisoma chuoni, na bila idhini yangu hasomi.

"Babu, 'kabati ameoa bahari.' Sawa?"

"Si sawa! Limeoa!"

"Lakini anayeoa ni mtu, Babu."

Nilikusudia kuukemea upuuzi ule. Nikajikuta nagombania ngeli ya bwana harusi.

Bibi yake akauliza kutoka jikoni: "Mahari katoa?"

"Katoa, Bibi. Vikombe vyote."

"Basi huyo mtu."

Sarufi niliyosomeshwa haikutaja kabati lenye mahari.

Nikishaamua, nitawaandikia.

Kwa sasa, msimpongeze wala msilipongeze.