Risiti Nyeupe za Eliaichi

Eliaichi hakuwa mtu wa kupandisha hasira. Hasira ni gharama, na yeye gharama alizipenda zenye risiti. Asubuhi ile ya Jumatano, alipopanda ngazi za ofisi ya Rogath nyuma ya soko la Same, alichokuwa nacho ni kinyaa tu, na mtu mwenyewe alikuwa hajamwona bado.

Jana yake alikwenda ofisi ya mapato kuomba cheti cha kodi. Bila cheti hicho hakuna zabuni, na zabuni ya kuiuzia shule ya bweni mchele na maharage mwaka mzima ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Miaka sita alikuwa akiivizia zabuni hiyo. Dada wa dirishani akabofya mashine yake, akainua macho.

"Mama, ritani yako ya mwaka jana haijaletwa. Una faini ya laki tatu."

Haijaletwa! Na mwezi wa sita Rogath, mhasibu wake, alimwambia kwa simu, "Nimeshatuma, shangazi, wewe lala usingizi." Laki mbili za kazi hiyo alikuwa ameshapokea tangu mwezi wa pili.

Eliaichi alianza biashara kwa beseni la tangawizi, akishuka nalo kwa miguu kutoka Gonja hadi barabarani. Hakuna aliyempa mtaji. Alichojaliwa ni masikio ya kusikia bei ya mwenzake na mdomo wa kuitaja ya kwake mwishoni. Sasa ana stoo yenye bati jipya, na wakulima wa Maore wanampigia simu kabla mpunga haujakauka. Rogath alimpa kazi kwa sababu ni mtoto wa jirani yao kule mlimani, na kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini. Hili la pili ndilo lililomuuma.

Alimkuta mezani na bakuli la supu ya utumbo. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye ukingo wa bakuli na kwenye kidevu chake.

"Shikamoo shangazi! Karibu, karibu kiti. Nikuagizie supu?"

"Marahaba. Supu sitaki. Ritani yangu iko wapi?"

"Aa, shangazi, ni mfumo. Mfumo ulikuwa chini, we acha tu. Nchi nzima ililalamika."

"Ulikuwa chini miezi miwili?"

"Unapanda, unashuka."

Akacheka mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono kwenye rundo la karatasi nyembamba pale dirishani, akachomoa moja, akajifutia vidole. Akachomoa ya pili, akafuta kidevu, akaitupa chini.

Eliaichi akainama, akaiokota kwa ncha za kucha. Upande wa mbele ulikuwa mweupe kabisa. Nyuma palikuwa na mwandiko wa kalamu ya bluu: *Maore, gunia 14, Loth.* Mwandiko wake mwenyewe. Kila risiti ya mashine anayopewa huiandika mgongoni, imetoka wapi na kwa nani.

Mwaka wake mzima wa jasho, mtu anapangusia utumbo.

"Rogath. Hizi ni risiti zangu."

Kijiko kikasimama njiani.

"Zilifutika, shangazi," akasema kwa sauti ndogo. "Niliziweka dirishani, na hili jua la Same unalijua. Nilipokuja kuzitazama, hakuna kitu."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano ulijua. Mwezi wa sita ukaniambia nilale usingizi."

"Niliona aibu."

"Huna. Ungekuwa nayo usingepangusia."

Akafungua mkoba wake, akatoa faili la kijani, akalibwaga mezani. Ndani mlikuwa na kopi za risiti zote, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Zamani duka moja la pembejeo lilikataa kumbadilishia bomba bovu la kupulizia dawa kwa kuwa risiti yake ilikuwa imepauka. Tangu siku ile kila Jumamosi yeye hupita kutoa kopi.

Rogath akazitazama kama mtu aliyeonyeshwa maiti.

"Kumbe ulikuwa nazo!"

"Kumbe hukuuliza. Nawa mikono, ukae hapo. Mimi nasoma, wewe unaandika."

Walikwenda hivyo hadi saa nane mchana. Ritani ikatumwa, na safari hii Eliaichi alisubiri hadi ujumbe wa kupokelewa ukaonekana kwenye kioo, akausoma mara mbili. Ikabaki faini.

"Tugawane, shangazi," Rogath akasema. "Nusu kwa nusu. Sisi watu wa Gonja bwana, tunabebana. Hata msaragambo tunatoka wote."

"Msaragambo tunatoka kuzibua mfereji kwa sababu maji tunakunywa wote. Hii faini mimi nimekunywa wapi?"

"Basi mwaka kesho nikufanyie kazi bure."

"Bure! Wa kulipwa umenifanya hivi, wa bure si utanifunga jela? Laki tatu. Simu yako hiyo hapo."

"Tuombe kwanza, shangazi, moyo utulie."

"Utaomba ukishalipa."

Alilipa. Ilimchukua kupiga simu tatu za kukopa, na kwenye mojawapo alisema ana mgonjwa. Eliaichi alisikiliza uongo huo akatazama ukuta. Kisha akamfanya abadilishe namba ya simu kwenye akaunti ya kodi, itolewe ya Rogath iwekwe yake, na nywila akaiweka mwenyewe, mkono mmoja ukiziba.

"Ila haya yaishie hapa, shangazi. Nina wateja."

"Kunyamaza ni kazi nyingine. Bei yake huiwezi."

Cheti alikipata Alhamisi. Ijumaa saa sita alikabidhi bahasha yake shuleni, akatiliwa sahihi ya kupokelewa. Nje ya ofisi alimkuta Zebedayo, muuza maharage wa Bendera, naye kaleta yake. Walikuwa washindani, lakini wa kusalimiana.

"Mama, una mhasibu? Wangu kahamia Moshi. Nasikia kuna kijana wa kwenu, Rogath. Vipi yule?"

Eliaichi akaweka mkoba chini, akamsimulia yote, na kwenye hadithi hiyo hakupunguza hata shilingi.