Gunia Chini ya Pedeli

Siku yangu ya kwanza kwenye gereji ya chama cha kahawa, pale Kayanga, nilifika na viatu vipya na bisibisi mfukoni. Fundi Mkuu, mzee wa maneno machache, alinitazama juu mpaka chini. "Umekuja kutengeneza au kufungua?" akaniuliza. "Maana kufungua hata mwizi anajua."

Hatukuwa na kompyuta ya kuchomeka kwenye gari kama mnavyofanya vijana wa leo. Klachi tuliipima kwa mwili. Kama unashuku inateleza, yaani pleti yake imelika na haishiki tena, unavuta breki ya mkono, unaweka gia ya tatu, kisha unaachia pedeli taratibu. Injini ikizimika, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma, pleti imekwisha. Ukisikia mlio unapokanyaga, na mlio ukakata unapoachia, shuku beringi. Pedeli ikizama bila nguvu, tafuta mafuta yanayovuja au hewa iliyoingia kwenye paipu. Na gia zikikwaruza injini ikiwaka, lakini zikaingia laini injini ikiwa imezimwa, ujue klachi haiachii sawasawa. Giaboksi iache kwanza.

Tulikuwa na desturi moja pale: anayepima klachi anavua viatu, ili wayo uisikie pedeli. Mimi sikuvua. Mwanzoni nilionea fahari viatu vyangu, baadaye ikawa ukaidi tu.

Yudita alivua. Aliajiriwa mwaka mmoja baada yangu, binti wa wakulima wa Ihembe, na niseme wazi kwamba nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akikanyaga pedeli mara mbili, anafumba macho, anataja ugonjwa, mimi bado natafuta spana. Madereva walimwulizia yeye. Fundi Mkuu alimwita "mwanangu". Mimi aliniita "wewe". Jumapili nilikuwa kanisani Bugene, na katikati ya sala namkumbuka, roho inaniuma.

Fundi Mkuu alipokaribia kustaafu, Meneja wa Usafirishaji alitangaza kwamba atamchagua mrithi kati yetu wawili. Nilikitaka cheo kile hadi hamu ya kula ikanipotea. Wiki hiyohiyo likaletwa lori la kahawa kutoka Kimuli, gia zinakwaruza vibaya, na Meneja akaja mwenyewe kutazama. Nilikanyaga pedeli na buti langu, nikahangaika na gia mara mbili tatu, nikatangaza: "Ni giaboksi hii."

Sikuzima injini nijaribu gia. Kipimo nilikijua, nikakiruka makusudi, kwa sababu nilitaka kazi kubwa ya kuonekana.

Kushusha giaboksi kulinichukua siku nzima. Ndani, kila jino lilikuwa zima. Nikairudisha, nikawasha, na gia zikakwaruza vilevile. Kwa bahati Meneja alikuwa ameingia ofisini kidogo. Yudita akavua buti zake za mpira, akapanda, akakanyaga mara moja tu. Akainama, akavuta gunia tupu ambalo dereva alilitandika sakafuni kwa ajili ya tope la masika. Ncha yake ilikuwa imejikunja chini ya pedeli, kwa hiyo pedeli haikuwa inafika mwisho. Madereva wetu wote walitandika magunia, na mimi nilikuwa nimelikanyaga lile bila hata kulitazama. Gia ya kwanza ikaingia kimya.

Meneja akarudi. "Vipi?"

Nilisubiri kuumbuliwa. Ningekuwa mimi, ningemwumbua, siwafichi.

"Limepona, Meneja," Yudita akasema, gunia kalibana kwapani. "Kaka Felisiani amelimaliza."

Nikawa Fundi Mkuu. Nikaongoza gereji ya Kayanga, nikahamishiwa kituo cha Kimuli, nikarudishwa tena Kayanga, na kila mara Yudita aliponiita kwa cheo changu nililikumbuka gunia. Hakumwambia mtu. Kama angesema, chuki yangu kwake ingepungua. Nilimpangia magari mabovu kuliko yote, akayatengeneza huku anaimba.

Sasa nimestaafu, na Yudita ana gereji yake Bugene. Mwezi uliopita pikapu yangu ilianza kukwaruza gia. Nikavua viatu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakanyaga pedeli. Wayo wangu haukuniambia kitu. Nikaenda Bugene.

"Karibu, Fundi Mkuu," akasema, na hakukuwa na kejeli hata chembe.

Nikashindwa kuvumilia. "Yudita, siku ile kwa nini ulinyamaza?"

"Siku ipi?"

Ilibidi nimkumbushe lori, gunia, Meneja, kimoja kimoja. Akafikiri, halafu akacheka.

"Waitu, kaka, wewe ulikuwa unakitaka cheo. Mimi nilikuwa nataka lori litoke."

Akavua viatu vyake, akapanda kwenye pikapu yangu. Miaka yote hiyo nililibeba gunia lile peke yangu, kumbe mwenzangu alishalisahau. Nikasimama mlangoni namtazama anakanyaga pedeli na kufumba macho, na wivu ukanishika upya.