Kipengele cha Msiba

Mdogo wangu ni rubani. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi nimelisema mapema kila mahali, hata kwenye foleni ya benki ambako hakuna aliyeniuliza. Mimi mwenyewe nina shahada mbili za fasihi na ninaogopa kupanda ngazi. Yeye hurusha ndege ya abiria yenye mapangaboi mawili, Dar es Salaam hadi Mbeya, Mwanza, Dodoma, kisha anarudi kulala nyumba ya kupanga kama sisi wengine.

Kwa hesabu za watu wengine, yeye ni mtoto wa mama mdogo. Mama aliyemzaa alifariki Igowole kabla mtoto hajaanza kutembea. Mama yangu alikwenda kwenye msiba huo wa mdogo wake na mkoba mmoja, akarudi kwetu, karibu na Tosamaganga, na mtoto mgongoni. Hakutangaza lolote. Alinipa bakuli la uji akasema, "Mlishe mdogo wako." Nilikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo neno "mama mkubwa" halikutamkwa nyumbani kwetu.

Mwaka ambao marubani wa kampuni yao walikuwa wakijadili mkataba mpya wa hali bora za kazi, ukungu uliifunga Mbeya siku moja ya Julai na ndege yao ikashindwa kuondoka. Mdogo wangu akawaleta wenzake wawili kwangu Uyole wale chakula cha mchana. Mmoja alikuwa kapteni wake, mtu mzima wa Iringa mjini ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani; ndiye aliyekuwa katibu wa chama chao. Mwingine alikuwa rubani binti, aliyekuwa akirudi kazini kutoka likizo kwa wazazi wake, wafugaji waliohamia Usangu kutoka kanda ya ziwa. Niliwawekea viazi vya kuchemsha, maharage na chai, na jiko la mkaa katikati ya sebule kwa ajili ya baridi.

"Mwezi uliopita mkurugenzi kakata keki," kapteni alisema huku akimenya kiazi. "Keki ina ndege juu yake, ya sukari. Kasema ni mwaka wa mafanikio. Juzi tumekaa mezani, mtu yuleyule, tai ileile, anatuambia kampuni iko mahututi."

"Sasa ile keki ilinunuliwa na nani?" mdogo wangu akauliza.

"Na hasara."

Binti alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kwetu, kapteni, ng'ombe anayekamuliwa asubuhi na jioni haitwi tasa."

"Wewe kila kitu ng'ombe."

"Na wewe kila kitu kikao. Mwaka wa pili huu tunakunywa chai ya vikao."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Chama kilikuwa kimebakiwa na madai mawili yasiyokubaliwa. La kwanza lilikuwa gawio: kampuni ikipata faida, marubani wapate sehemu yake. La pili lilikuwa likizo ya msiba. Mkataba wa zamani ulimruhusu rubani kwenda kuzika mke au mume, mtoto, baba na mama waliomzaa, basi. Chama kilitaka orodha ipanuliwe, waingie na watu waliomlea mfanyakazi. Menejimenti ilisema haiwezi kujadili yote mawili. Waondoe moja, na barua ifike wiki hiyo.

"Mimi nasema msiba ubaki," mdogo wangu alisema. Alisema polepole, akiangalia jiko.

"Menejimenti wanasema Waswahili wote ni ndugu," kapteni akamjibu. "Ukiwaandikia shangazi na mjomba, ndege zitabaki chini, marubani wote wako makaburini na koleo."

"Wao hawana shangazi?"

"Wanao. Ila shangazi zao wanazikwa Jumamosi."

Ndipo wakanigeukia. "Mwalimu," kapteni alisema, "wewe umesoma. Tuondoe lipi?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi na ningekuwa nimesema kweli. Badala yake nilisimama, kwa sababu hoja zangu hutoka vizuri zaidi nikiwa nimesimama, nikawaambia waondoe msiba. "Hii ni Tanzania," nilisema. "Nani atamzuia mtu kuzika? Bosi mwenyewe atachangia sanda. Mambo ya msiba hayaandikwi, yanaeleweka. Kitu kisichoeleweka bila maandishi ni faida. Kiandikeni hicho."

Kapteni alipiga goti lake kwa kiganja. "Umesikia? Hiyo ndiyo shule!" Binti alitikisa kichwa kukubali. Nikaleta kompyuta, na mchana uleule nikawaandikia barua, na aya ya kuondoa kipengele cha msiba nikaitengeneza kwa upendo hasa. Nakumbuka hata sasa nilivyoridhika nayo.

Mdogo wangu aliisoma hadi mwisho. "Sawa, kaka," akasema, akaomba chumvi.

Gawio lilikubaliwa. Mwaka uliofuata kampuni iliongeza ndege na kupaka rangi upya jengo lake, na faida, walipoitafuta kwenye makaratasi, haikuonekana. Kapteni alinipigia simu kunieleza, nami nilimwambia kwamba lugha ya barua ilikuwa sahihi.

Mama alifariki Februari iliyofuata, wakati wa mvua, baada ya kuumwa muda mrefu. Nilikuwa kando ya kitanda. Nilimpigia mdogo wangu, ambaye ratiba ilikuwa imempeleka Mwanza. Akasema, "Nakuja. Ngoja niombe ruhusa."

Jioni akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

"Wametaka cheti changu cha kuzaliwa."

"Kwa nini?"

"Waone jina la mama. Halafu afisa akafungua faili langu. Akaniambia kwa adabu sana, kaka, huwezi hata kumkasirikia. Akasema, 'Pole sana, lakini hapa inaonyesha mama yako alishafariki.'"

Nilimwambia aongee na katibu wa chama. Alikuwa ameshaongea naye. Yule kapteni alijitolea kumshikia zamu, lakini saa zake za kuruka kwa mwezi huo zilikuwa zimekwisha na sheria haimruhusu kuongeza hata moja. Binti wa Usangu alimshauri aseme anaumwa tumbo.

"Si useme hivyo?" nikamwambia.

"Nimzike Mama kwa cheti cha tumbo?" Nikasikia anapumua. "Alitulea hivyo, kaka?"

Hakutulea hivyo. Alitulea tuseme ukweli kisha tuchapwe.

Tulipanga maziko saa nane mchana, siku ya tatu. Mimi nilipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndimi msomi. Nikasoma kwamba ameacha watoto watano. Tulikuwa wanne kwenye benchi la mbele, na pengo la mtu mmoja kati yangu na dada yangu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusogea. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, akaniita kwa kidole.

"Yule wa ndege yuko wapi?"

"Yuko kazini, shangazi."

"Anakuja?"

Hapa palikuwa mahali pengine pa kusema neno fupi. Nikasema, "Tunamtegemea."

Kwa hiyo wazee wakaamua tumsubiri. Kwetu jeneza la mama halishuki wakati mtoto yuko njiani. Saa nane ikapita. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikazirudia. Wachimba kaburi walikaa juu ya udongo wakitazama mawingu. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, watu mia na zaidi waligeuza shingo, na mimi niligeuza shingo pamoja nao, nikijua fika kwamba saa ile anatua Dodoma. Saa kumi na nusu mvua ikaanza. Shangazi akanirudia, khanga yake imelowa kichwani.

"Mwanangu. Anakuja au haji?"

"Haji."

"Kazi gani hiyo, inayomkataza mtu kumzika mama yake?"

Nikawaita wachimba kaburi. Tukamshusha Mama katika maji. Zamu ya kutupa udongo ilipofika kwa mtoto wa mwisho, mchungaji alisita na kunitazama, nami nikatupa mara mbili.

Alikuja siku ya kumi na moja, siku zake za mapumziko zilipofika, akiwa na mkoba mmoja. Alikwenda kaburini peke yake, akakaa hadi jua lilipoingia milimani. Aliporudi, shangazi akampa maji ya kunawa na kumwita jina lake la utotoni, akala ugali wake wote. Kuhusu barua hakusema kitu. Ningemshukuru kama angesema.

Mwaka huu mkataba ulifika mwisho na mazungumzo yakaanza upya. Wiki iliyopita alipita kwangu Uyole, akanipa simu yake nisome. Ilikuwa ni ile orodha ya msiba: babu, bibi, shangazi, mjomba, mama mkubwa, baba mdogo, na mtu yeyote aliyemlea mfanyakazi, kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Ameiandika yeye mwenyewe. Safari hii hakuniuliza.

"Imesainiwa?"

"Imesainiwa."

"Mlivutana muda gani?"

"Hatukuvutana. Walisoma wakasema hiki hakina gharama, tuendelee na cha faida. Chai ilikuwa haijapoa." Akavuta kiti. "Yule afisa alisema hata mwaka ule wangekipitisha, kama tungekishikilia wiki moja zaidi."

Nje lori lilikuwa likipanda mlima kwa gia ndogo. Tulilisikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Sasa amebaki nani wa kunifanya niitumie likizo hii?" akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitabasamu kidogo. "Shangazi. Halafu wewe. Nimekuweka namba nane, kaka uliyelelewa naye. Siku tano, na nauli."

Nilisoma orodha tena. Kwa kawaida nikipewa karatasi yoyote, hata ya kliniki, mkono wangu hutafuta kalamu. Nilimrudishia simu yake kama ilivyokuwa, nikaenda jikoni kupasha viazi.