Lugha Isiyo na Mwenyewe

Safina wa Bakoba ukimwona njiani huwezi kumdhania lolote, mtoto wa watu mpole mno. Kumbe ndiye aliyetengeneza programu ya kuwaonya wakulima: mgomba ukinyauka kwa mmoja, majirani wanapata ujumbe kabla ugonjwa haujavuka kwao.

Basi ujumbe ukaanza kupotea. Wakulima wawili wakituma kwa mpigo, wa mmoja haufiki. Safina akahangaika mpaka akagundua kosa si lake. Limo ndani ya lugha yenyewe ya kompyuta aliyoitumia, lugha ya bure inayotumika dunia nzima. Dawa yake akaipata. Na hapo ndipo alipochemsha! Kwetu huingii kibanja cha mtu, shamba lake la migomba, ukakata hata jani bila kauli ya mwenyewe. Hakuthubutu hata kuijaribu dawa ile kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akamwandikia mzee aliyeianzisha lugha, salamu ndefu, samahani tele, akiomba ruhusa. Akangoja. Huku kijijini Kimwani ugonjwa umeshafika kwa jirani wa mjane Edvina, na Edvina hana habari, naye chakula chake chote ni migomba ile.

Jibu likatoka kwa mwanamke asiyemjua, wa nchi ya mbali: "Dada, mzee aliianza peke yake, kisha akatukabidhi sote. Siku hizi ana sauti moja tu kama sisi. Leta ulichonacho tukikague."

"Mawe, mama yangu!" Safina akashika kichwa. Mtu azae kitu kikubwa hivyo, halafu akiache mikononi mwa watu asiowajua?

Akapeleka. Wakaichambua kazi yake mstari kwa mstari, hadharani, wakabishana, wakamrudishia, akarekebisha, wakapitisha. Hakuna aliyemuuliza ana cheo gani. Dawa ikaingia kwenye programu yake, na ujumbe ukafika Kimwani. Edvina akakuta mgomba mmoja wa mpakani umeanza kunyauka, akauondoa upesi, akapiga simu: "Mwanangu, mingine yote mizima!"

Baadaye wenzake wakamwomba aitunze sehemu ile ya lugha. Juzi akafungua kompyuta, akakuta badiliko jipya linangoja idhini yake. Limeletwa na yule mzee mwenyewe: "Safina, naomba unikagulie."

Akainuka, akazunguka chumba, akarudi kuketi. Akasoma kila mstari, akaona mahali hapajakaa sawa, akaandika kwa heshima zote:

"Shikamoo mzee. Hapa bado."