Verbe nne na robine moja

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla majirani hawajaniwahi kuusimulia: mwezi uliopita niliinyima avenue yetu robine, bomba la maji la mtaa, kwa sababu nilikuwa nachagua verbe, yaani kitenzi.

Enzi zetu, sisi tuliokulia hapa Dilala katika zile nyumba za matofali za kampuni ya mgodi, Kingereza hakikuwa mchezo. Mwalimu aliandika verbe nne ubaoni: say, tell, speak, talk. Zote ni kusema, lakini kila moja ina mlango wake. Ukikosea mlango, alikuvika shingoni kibao cha aibu chenye waya wa baiskeli, nawe unakwenda nacho mpaka nyumbani, mbele ya wacheza mpira wa matambara, mbele ya wauza mikate, mpaka kwenye harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, jikoni. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuuliza kosa langu. Alisema tu: « Kama haujue, nyamaza. Bukari haina maswali. » Nikala ugali wangu, nikanyamaza. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nimeng'amua siri: asiyefungua kinywa havai kibao. Nikapewa alama nzuri za nidhamu.

Vijana wa leo je? Hawa wa taxi-moto, miwani ya jua hata mvua ikinyesha, Kingereza wamekiokota kwenye simu, wanakitupa ovyo kama maganda ya karanga. Sisi tulikiheshimu. Tulikiheshimu hata hatukukigusa.

Basi akaja injinia mgeni wa mgodi, Kingereza kitupu, anatafuta pa kuweka robine ya watu wote. Akanikuta mimi, mtu ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi kizingitini. Jirani yangu Mama Ngalula akanisukuma mbele: « Tata Kabeya, weye njo ulisoma! Mwambie batoto banagonjwaka tumbo juu ya mayi ya kisima! »

Bidon za njano, madumu yetu ya maji, zilipangwa nyuma yangu kama wanafunzi. Nikafungua kinywa. Nianze na say? Au tell? Na speak je, inakwenda na nani? Nikasikia ule waya shingoni. Nikatabasamu. Injinia naye akatabasamu, akatazama saa, akapanda jeep yake.

Kwenye avenue ya ng'ambo kijana mmoja wa taxi-moto akamsimamisha kwa mikono miwili: « Boss! Water, no! Baby, stomach! Here, here! » Wiki haikuisha, robine ikasimama pale pale alipoonyesha kidole.

Nilimweleza Mama Ngalula kwamba maneno yale hayakuwa na verbe hata moja, na kwamba enzi zetu kijana yule angevaa kibao mwaka mzima. Zamani watu walijua kuona haya kidogo, nikasema, na bado naikumbuka haya ile kwa mapenzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea bidon mbili miguuni.

« Tata Kabeya, hiyo Kingereza yako batakuzika nayo. Kamata bidon, twende ng'ambo. »