Hakuna Kanda, Hakuna Namba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kazini kwetu alinitumia orodha kwenye simu. Anajua napenda mieleka, nadhani alitaka kunifurahisha. Ilikuwa orodha ya wanamieleka kumi weusi walio bora kuliko wote, wamepangwa kuanzia wa kumi mpaka wa kwanza, kila mmoja na picha yake inayometameta. Nilikuwa nakula chakula cha mchana. Nilipofika namba sita nilisukuma sahani. Wote kumi, nakuapia, walikuwa wa kampuni moja tu, ile kubwa iliyowameza wenzake, utadhani kabla yake mtu mweusi hakuwahi kukanyaga ulingo. Nilimjibu yule kijana kwa ujumbe mrefu na mkali ambao maskini hakuustahili, na tangu siku hiyo tukikutana kwenye lifti anatazama viatu vyake.

Ngoja wewe nikueleze, maana wewe una subira kunishinda. Hasira yangu ina umri. Ilianza Ras Al Khor, huko Uarabuni, nilipokuwa na miaka kumi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, katika duka la vipuri la mjomba wangu, siku za Ijumaa baada ya swala.

Tulikuwa tukikaa Discovery Gardens, familia tatu za Mombasa ndani ya fleti moja, tumetenganishwa na mapazia na adabu. Mjomba alikuwa hawezi kutazama mieleka kwa adabu. Alipiga kelele, alipiga meza, aliamsha watoto wa watu, mpaka mama yangu akasema basi, mambo hayo yahamie dukani. Kwa hiyo kila Ijumaa mama alipika biriani, akaifunga sufuria kwa shuka kuukuu isipoe, tukapanda pikapu. Mpaka leo nikisikia harufu ya biriani na oili chafu kwa pamoja, ambayo si rahisi kuisikia, moyo wangu unaruka.

Mjomba aliuza injini na giaboksi za magari yaliyokatwakatwa. Mengi yalitoka Amerika yakiwa yamegongwa, na ndani yake mlikuwa na maisha ya watu: miwani, kiatu kimoja cha mtoto, barua za benki. Siku moja ilikuja gari kubwa la familia, na nyuma yake makatoni mawili ya kanda za video, zimeandikwa kwa mkono. Mjomba alizitia kwenye deki kuukuu iliyokuwa ofisini, akakaa. Injini ya gari lile ilisahauliwa miezi miwili.

Zilikuwa kanda za mieleka, mtu amerekodi kutoka televisheni za miji midogo. Zamani huko kwao kila eneo lilikuwa na kampuni yake ya mieleka, bingwa wake, mkanda wake wa ubingwa, na saa yake ya Jumamosi kwenye televisheni ya hapo hapo. Ulingo wenyewe ulikuwa mdogo, taa hafifu, na bibi vizee wamekaa mstari wa mbele wanamtishia mtu mbaya wa mchezo kwa mikoba. Katikati lilikuja tangazo la duka la magodoro, mwenye duka anapiga makelele, na mimi nililihifadhi lote bila kulielewa. Humo ndimo tulimowaona weusi. Wengi hata majina yao hatukuyasikia vizuri, basi tukawabatiza wenyewe: Fundi Seremala, kwa jinsi alivyopima kabla ya kupiga, Shemeji, kwa sababu alicheka na kila mtu, Mwalimu Mkuu, ambaye alitembea ulingoni mikono nyuma.

Katoni la breki lilibandikwa ukutani, na juu yake iliandikwa orodha ya kumi bora. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na kalamu nene nyeusi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Kura zilikuwa nne. Ya mjomba. Ya mama, ambaye alisema anayewalisha hawezi kukosa kura. Ya mzee wa Unguja aliyekuwa akipeleka injini bandari ya Hamriya kwa lori lake. Na ya mhudumu wa hoteli kutoka Nairobi, kijana mwenye maneno mengi na mashati ya kubana. Walipiga kura kwa siri, kwenye kopo la grisi: nati ni ndiyo, bolti ni hapana. Zikitoka sare, naamua mimi mwenye kalamu. Na juu kabisa ya katoni niliandika sheria ya mjomba kwa herufi kubwa: HAKUNA KANDA, HAKUNA NAMBA. Usilete sifa za mtu uliyesimuliwa. Lete kanda, tuone.

Mjomba alikuwa na hasira za haki, na mimi nilizirithi zote. Alikasirika kwamba mtu mweusi akiingia ulingoni lazima apewe kazi ya kupiga watu kwa kichwa, kwa madai kwamba kichwa chake hakisikii maumivu. Alikasirika kwamba wengine walilazimishwa kucheza dansi kabla ya kupigana. Kilichomtia wazimu zaidi ni yule aliyevishwa ngozi ya chui na mfupa shingoni, hana viatu, mtangazaji anasema katoka msituni Afrika. "Huyu kazaliwa kwao huko huko mjini, kasoma shule!" mjomba alifoka. "Afrika haijui hata ilipo!" Lakini jamaa yule alikuwa anapigana kwelikweli, na kanda zake zilikuwepo tatu. Tukampa namba nne.

Kulikuwa na mlinzi, Mganda, aliyelinda geti la maghala yote ya upande wetu. Ijumaa maghala yakiwa yamefungwa alisogeza kiti chake mpaka mlangoni petu, akala nasi. Alikuwa mpana, mpole, na sikio lake moja lilikuwa limevimba na kujikunja. Mimi aliniita madam mdogo. Baada ya kula alinitandikia makatoni sakafuni akanifundisha kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uviringe, mikono ipige chini kabla ya mwili. "Usiogope chini," aliniambia. "Chini unaisalimia kwanza, halafu unalala." Nilidhani ni mchezo wa watoto wa kwao. Sikuuliza alijulia wapi.

Ijumaa moja mzozo ulikuwa juu ya zile kampuni ndogo, kwa nini zilikufa. Mjomba alisema kampuni kubwa ilipita kila mji na pesa, ikachukua aliye bora, ikaacha majengo matupu. Mzee wa Unguja alisema lawama ni za televisheni. Mhudumu akasema, "Manze, wazee, watu walitaka kitu kali. Taa, fataki, muziki. Nani atatazama bibi na mkoba?"

Mlinzi alikuwa anatafuna. Akameza, akafuta mkono.

"Bosi, mimi nilipigana miaka saba," alisema. "Kwetu, Uganda. Tulikuwa watu nane. Ulingo tulitengeneza na tairi za lori na mbao. Tunaenda mji huu, tunaenda mji ule, watu wanajaa. Halafu kibanda cha video kikaanza kuonyesha hao Wamarekani. Watu wote wakaenda huko. Mwaka mmoja tu, khalas, tumekwisha." Akatuangalia mmoja mmoja. "Hakuna kampuni kubwa ilikuja kwetu. Ni watu wetu walitugeuzia mgongo. Hata nyinyi hapa, Waafrika watupu, munatazama nani?"

Mjomba alizima deki. Kisha mama yangu akasema, "Basi huyu aingie kwenye orodha."

"Kanda iko wapi?" mjomba aliuliza, akionyesha maandishi yangu ukutani.

"Kanda sina. Nani alikuwa na kamera? Lakini mwili iko."

Akataja jina lake la ulingoni. Akasimama, akamwomba mjomba ruhusa kwa heshima zote, akainama, akamnyanyua. Mjomba wangu na tumbo lake, akaenda juu ya mabega ya yule mtu, miguu inaelea karibu na feni. Mama alipiga ukelele. Mlinzi alizunguka naye mara moja, halafu akambwaga juu ya makatoni kwa mshindo uliotikisa makopo ya rangi kwenye rafu. Mjomba alilala kimya, macho yanatazama dari. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Wallahi sikusikia kitu," alisema. "Hata kitu!" Mhudumu wa hoteli alipiga makofi na kurukaruka.

Wakapiga kura. Mama alitangaza kwamba ametia nati, na asiyetaka akapikiwe na mkewe. Mzee wa Unguja alisema naye waziwazi: "Mimi nimetia bolti, mwanangu, unisamehe. Umenifurahisha sana, ila sheria ni sheria." Mjomba na mhudumu hawakusema. Nilimimina kopo mezani. Nati mbili, bolti mbili.

Wote wakanigeukia. Mlinzi pia alinitazama, anatabasamu, mikono magotini. Nami nilijua, au nilidhani najua, mjomba ametia nini. Sheria ilikuwa yake. Alikuwa akiniita mwanasheria wake mbele ya wageni, na nilitaka aniite hivyo tena. Nikaonyesha katoni kwa kalamu yangu, nikasoma kwa sauti ya shuleni: "Hakuna kanda, hakuna namba."

"Sawa, refa," mlinzi alisema. Akamaliza biriani yake, akaosha sahani kama kawaida yake, akarudisha kiti getini.

Pale ukutani, namba nne, yule Mwafrika wa uongo wa ngozi ya chui alibaki ameketi na kanda zake tatu. Mwafrika wa kweli tulimwoshesha sahani. Nikilikumbuka hilo natamani kuvunja kitu.

Na bado Ijumaa iliyofuata alinitandikia makatoni akanifundisha kuanguka kwa upande. Wiki chache baadaye kampuni yake ilimhamisha, wengine walisema Abu Dhabi, wengine Ajman. Getini akaja mlinzi mwingine. Hakuna aliyemuuliza huyo mpya yule wetu amekwenda wapi, tulikuwa tumeshazoea kuamka na kukuta watu wamehamishwa.

Leo duka halipo. Kafeel, yule mwenyeji mdhamini wa leseni ya duka, alitaka nafasi yake, mjomba akauza alichoweza na kurudi Mombasa. Kanda zilitupwa na mtu aliyekuja kusafisha, pamoja na katoni la ukutani. Zile kampuni ndogo zenyewe, nasoma, mafaili yao na kanda zao zilinunuliwa na kampuni kubwa, zikafungiwa, na sasa wenye kanda ndio wanaotuambia nani alikuwa bora. Siku nilipoipata orodha ya yule kijana nilipata la kufoka: mnaona? Asiye na kanda hakuzaliwa! Nilikuwa na hasira tamu, ya mtu asiye na kosa.

Nikampigia mjomba nimshirikishe. Magoti yanamsumbua siku hizi, ila kelele ni zile zile. Nikamuuliza, hivi namba moja yetu alikuwa nani, Fundi Seremala au Shemeji?

"Ah, mamangu, nimewasahau wote," alisema. "Ninayemkumbuka ni yule mlinzi. Alivyonibeba mimi mtu mzima, akanilaza chini kama kitoto! Ule ndio ufundi. Hao wengine tuliwaona kwenye kioo tu."

Damu ikanipanda. Miaka yote hii nilikuwa nimemwekea hilo moyoni. "Kama ulimpenda hivyo, mjomba, mbona ulimtilia bolti?"

"Nani kakwambia? Mimi nilitia nati. Yule kijana wa hoteli ndiye aliyetia bolti, na alikuwa akipiga makofi, mnafiki yule. Zilipotoka mbili kwa mbili nilishusha pumzi. Nilijua ameshapita, maana imefika kwako. Wewe ndiye uliyekuwa mwanafunzi wake."

Nilitafuta la kusema nikaambulia swali. "Jina lake la ulingoni alilitaja siku ile. Alikuwa akijiita nani?"

"Mimi nitajuaje?" mjomba alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa na kalamu."

Yule kijana wa kazini nimeshamwomba radhi. Alifurahi, akaniuliza kama nina orodha yangu mwenyewe nimpe. Nikamwambia ninayo, ila wa kwanza simjui jina.