Obdulia: mama anayewafuata akina baba hadi mashambani

Ukungu haujainuka katika mji wa mashamba wa Watsonville, na Obdulia Zaragoza ameinama kati ya matuta ya stroberi, anachuma na kujaza ndoo isiyo yake. Kando yake mwenye ndoo, mchumaji Fermín Ocampo, anajifanya hamwoni.

"Umerudi tena?" Fermín anauliza mwishowe. "Dada, kwako hakuna viti?"

"Viti vipo. Makalio ndiyo hayataki."

Wachumaji wanaangua kicheko. Fermín hacheki.

Obdulia, mwenye miaka hamsini na minne, ameajiriwa na shule ya sekondari kwa ubia na chuo kikuu, awe daraja kati ya chuo na wazazi. Analipwa saa ishirini kwa wiki. Zilizobaki anajitolea, kwa miguu yake.

Leo basi linawapeleka wanafunzi kulala usiku mmoja kwenye bweni la chuo, waonje masomo na kuonana na watu wa ufadhili. Linaondoka saa mbili asubuhi. Yaretzi, binti ya Fermín, yuko shuleni na begi lake. Ruhusa ya baba hana.

"Msichana hutoka kwa baba yake siku ya harusi," Fermín anasema.

"Mimi nilitoka hivyo hivyo. Nikaenda kufungasha saladi kiwandani miaka kumi na tisa."

Zamani Obdulia alituma barua majumbani kuwaita wazazi shuleni. Hakuja mtu. "Aliyeinama huwezi kumhubiria umesimama," anasema.

Ndoo inajaa. Fermín ananyoosha kiuno.

"Hicho chumba atakacholala, mlango una komeo?"

"Sijui. Nenda ukaujaribu mwenyewe."

"Na viatu hivi vya matope?"

"Kule kuna sakafu, kaka, si madhabahu."

Nyapara anapiga mluzi. Fermín anamtazama, anaangalia ndoo, kisha anavua glavu.

Shuleni, kwenye mlango wa basi, dereva anatikisa kichwa: viti vimekwisha.

"Changu kipo," Obdulia anasema. "Akae yeye."

"Baba, una matope!" Yaretzi ananong'ona, uso umemwiva kwa aibu.

"Nyamaza. Sogea."

Basi linaondoka. Huu ni mwaka wa sita, na kila mwaka kiti cha Obdulia huchukuliwa na mzazi wa dakika ya mwisho. Bweni lenyewe hajawahi kuliona.

Sasa anakisumbua chuo kitoe basi la pili, la wazazi.

"Na kiti kimoja cha nyuma kiwe changu," anasema, huku tayari anarudi shambani kwa akina baba wengine. "Sitakaa sana. Nataka tu nikayaone hayo makomeo."